Miguu Minne Chini

Haya nilisimuliwa na Fundi mwenyewe, mwezi uliopita, siku nilipompelekea gauni langu la kijani anipunguzie mabega, maana uzee umeniachia mabega ya kitoto. Alikuwa akishona huku akisimulia. Kila aliporuka kipande, Msusi, jirani yake wa ukuta mmoja, alipaza sauti kutoka upande wa pili: "Wewe, mbona hujasema blauzi yangu ilivyofanywa?" Kwa hiyo nimeyapata kwa midomo miwili, na nayaweka hapa kama nilivyoyapata.

Fundi huyu ni mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mrefu, mpole, wa maneno machache. Chumba cha mbele ni duka lake la ushonaji, vyumba viwili vya nyuma ndiyo nyumba, halafu kuna ua mdogo ambao wanaugawana na Msusi. Hakujaliwa kuzaa. Ila mdogo wake wa kiume alipofiwa na mke, alimletea kichanga cha miezi minne, msichana, na Fundi akamlea kama wake wa tumboni. Alimwogesha, akamfundisha kutembea akimshikisha mguu wa meza ya kukatia vitambaa, akampeleka darasa la kwanza. Mtoto alipotimiza miaka sita, baba yake akaoa tena, akapata kazi ya uuguzi mji mwingine, akamchukua mwanawe. Ilikuwa haki yake. Fundi alifunga sanduku la nguo za mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akawasindikiza mpaka kwenye basi, akarudi kukaa kwenye nyumba iliyonyamaza.

Miaka miwili ikapita. Mteja mmoja akaona jinsi Fundi alivyokuwa akizungumza na nguo zilizotundikwa ukutani, akamwonea huruma, akamletea mtoto wa mbwa ndani ya kapu. Alikuwa wa rangi ya mchanga, na doa moja jeusi la mviringo kifuani. Fundi akamwita Kifungo. Hakuwahi kufuga mbwa maisha yake yote. Alimpa maji, akampa chakula, akampeleka kuchanjwa, akadhani ndiyo basi.

Kifungo alipofika miezi mitano, Jumapili moja, simu ikalia.

"Dada, shule zinafungwa baada ya wiki tatu," akasema mdogo wake. "Mtoto anakulilia wewe. Nataka nimlete akae kwako likizo nzima."

Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mlete hata kesho!"

"Ngoja kwanza. Nasikia umefuga mbwa."

"Kadogo tu."

"Dada, mwaka jana mwanangu aling'atwa akitoka shule. Nilikuambia. Kidonda kile nilikisafisha mimi, kwa mikono hii, huku akinilia usoni. Mpaka leo akisikia mbwa anabweka anazunguka mtaa mzima kuliko kupita. Sisemi mbwa wako ni mbaya. Ila akimrukia, hata mara moja tu, siku hiyohiyo narudi na mwanangu. Na nakujulisha mapema, sidhani kama ataomba kuja tena."

Fundi akamtazama Kifungo. Wakati huo alikuwa chini ya meza, anaitafuna tepu ya kupimia, ameshafika sentimita themanini.

"Mgawie mtu," akasema mdogo wake kwa upole.

"Siwezi kumgawa kama kitambaa kilichobaki. Nitamfunza."

"Umewahi kufunza mbwa?"

"Sijawahi. Hata kushona sikuzaliwa nikijua."

Basi Fundi akafanya jambo analolijua. Analo daftari la wateja: jina, vipimo, siku ya kuja kuchukua. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa, "Kifungo." Jumatatu, kukaa. Jumanne, kuja akiitwa. Jumatano, kuacha kubweka. Alhamisi, kuacha kutafuna. Ijumaa, kutembea na mkanda bila kuvuta. Jumamosi, adabu yote. Akapiga mstari chini, akaridhika, akalala usingizi mzuri.

Jumatatu Kifungo alikaa kweli, mara moja, juu ya suti ya bwana harusi, na alipoinuka suti ilikuwa imelowa. Jumanne aliitwa mara arobaini, akaja mara mbili, zote mbili kwa sababu Fundi alikuwa anakula. Jumatano alibweka mpaka Msusi akagonga ukuta kwa kitana. Alhamisi ndiyo alimaliza ile tepu. Fundi akawa anapandisha sauti, halafu anaona aibu, halafu anampa mfupa kumwomba radhi. Kijibwa cha watu hakikujua kama kinafukuzwa au kinakaribishwa.

Ijumaa jioni akaingia Mlinzi kuchukua suruali yake. Huyu ni mzee anayelinda ghala la mbegu lililo mkabala na duka. Ana mbwa wawili wakubwa kama ndama, akiinua kidole kimoja wanalala chini. Kifungo alimrukia, akamwachia nyayo mbili za vumbi kwenye mapaja. Mlinzi akageuka pembeni kama hakumwona, akasubiri. Macho yake yakaangukia daftari lililo wazi mezani.

"Adabu yote, Jumamosi," akasoma. Akasoma tena. Akacheka mpaka akashika meza. "Fundi, mama yangu! Mimi nimekaa na mbwa miaka thelathini, Jumamosi ya adabu yote sijaiona bado."

Fundi hakucheka. Akamweleza habari ya mtoto, habari ya kidonda, na habari ya wiki mbili zilizobaki. Mlinzi akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Pole. Nisamehe, sikujua. Haya niambie, unataka nini hasa?"

"Awe na adabu."

"Mbwa hajui adabu ni nini. Hata mimi na wewe tunaweza kubishana. Sema kitu ninachoweza kukiona kwa macho."

Fundi akafikiri. "Asimrukie mtoto."

"Hapo umesema asichofanya. Sasa sema afanye nini."

Fundi akamtazama Kifungo kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mteja kabla ya kukata kitambaa. "Akae. Miguu yote minne iwe chini mtu akiingia."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Mpaka mtu afunge mlango, aweke mzigo, apate pa kukaa."

Mlinzi akainuka, akatoka nje, akaingia tena, akafunga mlango, akaweka kofia mezani, akakaa. Fundi alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa kumi.

"Basi hilo ndilo lengo lako," akasema Mlinzi. "Miguu minne chini, hesabu kumi. Hayo mengine yafute, yatakuja na mwaka. Leo tafuta moja tu. Akikaa hesabu moja, mpe kipande cha ini palepale, hata kabla hujapumua, ukichelewa atadhani unamlipa kwa kuinuka. Akiijua moja vizuri, dai mbili. Dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, basi. Akikosea usimgombeze, wewe ndiye uliyemrusha darasa."

Fundi akachana ule ukurasa. Akachemsha ini, akalikata vipande vidogo kama punje za mahindi, akavitia kwenye kopo la vifungo juu ya cherehani.

Na mambo yakanyooka. Alikaa pale kwenye cherehani yake ya kukanyaga, anashona. Mteja akiingia, Fundi anasimamisha miguu, anasema "Kaa," na Kifungo anakaa. Hesabu moja, ini. Siku ya tatu akafika nne. Siku ya sita akafika nane. Wateja wakaanza kuleta na wasio na nguo za kushona, waje tu kumwona mbwa anayekaa kama karani. Jumatano ya wiki ya mwisho, Kifungo alifika kumi na tano, na Fundi akatembea kichwa juu mpaka dukani kununua shuka jipya la mtoto, lenye maua.

Jioni ileile, duka limefungwa, Fundi yuko chumba cha nyuma anatandika kitanda. Msusi akaingia kwa mlango wa uani, amebeba bakuli la uji, hana habari.

"Kaa!" akasema Fundi.

Kifungo akaruka kama jiwe la manati. Bakuli likaenda kule, uji ukaenda huku, na kucha zikashuka na blauzi ya Msusi kutoka begani mpaka kiunoni.

"Mamaaa! Kaa gani huko? Huyu kakaa hewani!"

"Kaa! Kifungo, kaa!" Fundi anasema, na Kifungo anazunguka akilamba uji, mkia juu, mtu asingeweza kuamini kwamba aliwahi kulisikia neno lile.

Fundi akamshonea Msusi blauzi usiku uleule, machozi yakidondokea uzi. Hakuelewa. Kumi na tano asubuhi, sifuri jioni.

Alielewa Alhamisi, na hakuambiwa na mtu. Asubuhi alikuwa amesimama mezani anakata kitambaa, mteja akaingia, Fundi akasema "Kaa," na Kifungo akamrukia mteja. Fundi akaomba radhi, na mteja alipoondoka akaenda kwenye cherehani akajishughulisha. Hapakuwa na mtu mwingine dukani. Uzi ukakatika, akasimamisha miguu aubadilishe. Kuinua macho, Kifungo amekaa mbele yake, miguu minne chini, kifua mbele, anatazama kopo. Hajaambiwa lolote. Fundi akakanyaga, kijibwa kikainuka. Akasimamisha, kikakaa. Akakanyaga, akasimamisha. Kikakaa.

Akavuka barabara mbio, tepu mpya inaning'inia shingoni. "Mzee, hanisikii mimi! Anasikia cherehani! Ikinyamaza, anajua ini linakuja. Neno langu kwake ni kelele tu."

Safari hii Mlinzi alijitahidi asicheke, mabega tu ndiyo yakamsaliti. "Nimeona mbwa waliofunzwa na kengele, waliofunzwa na filimbi. Cherehani, hapana, huyo ni wa kwanza. Sawa. Hujapoteza kila kitu, kukaa anajua. Sasa anza upya, palepale mtoto atakapoingilia, wewe umesimama, mikono mitupu, ini mfukoni. Anza na moja."

"Zimebaki siku mbili!"

"Anza na moja," akarudia Mlinzi. "Na utafute watu wa kuingia. Wengi."

Hapo ndipo Msusi, aliyekuwa hajamaliza kununa, akajitokeza. "Nitaingia mimi. Blauzi imeshararuka, nina nini cha kupoteza?" Akaingia kwa mlango wa uani mara ishirini. Akawatuma na wateja wake, mmoja kasukwa upande mmoja tu, upande wa pili nywele zimesimama wima, anaingia, anafunga mlango, anasema hodi, anatoka. Muuza mkaa akaingia na gunia. Mlinzi akaingia na rungu, halafu bila rungu, halafu amevaa koti kichwani.

"Huyu mbwa atadhani tumerukwa na akili," akasema Msusi akiingia mara ya ishirini na moja.

"Asiporukwa yeye, inatosha," akajibu Mlinzi.

Kutwa nzima ya Alhamisi ilikuwa moja. Moja, ini. Moja, ini. Ijumaa asubuhi mbili, mchana tatu. Ijumaa jioni Kifungo alifika nne, mara tatu mfululizo. Walipojaribu tano akainuka, na alikuwa amechoka, ulimi nje. Fundi akasema basi. Akachukua mabaki ya kitambaa kigumu cha turubai, akashona mkanda wenye kushika vizuri mkononi.

Kisha akaketi na simu.

"Sema kumi," akashauri Msusi. "Nne na kumi, nani atahesabu? Mtoto akishafika atazoea."

"Mtoto ndiye atakayehesabu," akasema Fundi. "Miguu ni ya kwake."

"Basi mfungie mbwa stoo mwezi mzima."

"Abweke mwezi mzima, mtoto amsikie asimwone? Hiyo ni hofu mara mbili."

Akapiga. Mdogo wake akauliza, "Enhe, Dada, anafika ngapi?"

"Nne."

"Uliniambia Jumatano kumi na tano."

"Jumatano nilikosea. Nilikuwa sijamfunza mimi." Akamweleza yote, cherehani, uji, mpaka koti la Mlinzi. Upande wa pili hakuna aliyecheka. Halafu akasikia mtu anavuta simu, na sauti ndogo ambayo hakuizoea tena, imekua, ikasema: "Nne tu, Shangazi?"

"Nne, mama. Nikikuambia kumi nitakuwa nimekudanganya."

"Halafu baada ya nne?"

"Atainuka. Lakini nitakuwa nimeshika mkanda, na nimeukanyaga kwa mguu. Kufika kwako hawezi."

Mtoto akapumua kwenye simu. "Nitamuuliza Baba," akasema, simu ikakatika.

Usiku ule Fundi hakujua kama kitanda alichotandika ni cha mgeni au cha kutazamwa tu.

Walikuja. Jumamosi kabla ya mchana, geti la ua likalia, na Fundi akawaona kupitia mlango ulioachwa wazi: mdogo wake amebeba begi begani, hajalishusha, na nyuma ya paja lake, jicho moja na msuko mmoja wa nywele. Msusi alikuwa dirishani kwake amejiziba mdomo kwa kitana.

Fundi alitamani kukimbia amkumbatie mtoto. Hakukimbia. Alisimama pale mlangoni, mkanda mkononi, mguu juu ya mkanda. "Kaa," akasema, sauti ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Kifungo akakaa.

"Moja," ikasema ile sauti nyuma ya paja. Mkia wa Kifungo ulikuwa unafagia sakafu, lakini makalio yake hayakuinuka. "Mbili. Tatu." Baba alikuwa ameweka mkono nyuma, ameshika kichwa cha mwanawe. "Nne."

Fundi akakaza mguu.

"Tano," mtoto akasema polepole. "Sita."

Kifungo akainuka, akajirusha mbele, mkanda ukamkaza, akabaki palepale anachezacheza. Mtoto akapiga kelele, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa ua. Baba akamfuata akamwinamia.

"Basi, mwanangu. Nimeona. Dada, umejitahidi, Mungu anaona. Lakini..."

"Sita, Baba," mtoto akasema. Kifua kinapanda na kushuka, machozi yako tayari, lakini kidole kimoja kimeinuliwa kumzuia baba yake. "Shangazi alisema nne. Amefika sita."

"Nimesikia. Umeogopa."

"Nimeogopa. Lakini amefika sita." Akafuta pua kwa mkono. "Shangazi, mwambie tena."

Fundi akampa Kifungo ini, akamtuliza, akamwambia tena. Mara ya pili alifika tano. Mara ya tatu sita tena. Mtoto akabandua mgongo ukutani. Akatazama katikati ya ua, palipokuwa na ndoo ya Msusi.

"Leo nitafika kwenye ndoo," akatangaza. "Si zaidi."

"Hakuna atakayekudai zaidi," akasema Fundi.

Aliichukua safari ile hatua kwa hatua, akihesabu kwa sauti, na kila Kifungo alipoinuka yeye alisimama, na Kifungo alipokaa akaendelea. Ilimchukua muda wa kupika wali. Alipoishika ile ndoo kwa mikono miwili, Msusi alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele dirishani, na Kifungo akaanza kubweka, na mtoto akakimbilia kwa baba yake.

"Wewe, Msusi!" wakamkemea wote.

Akarudi kwenye ndoo peke yake. Hakumgusa mbwa, wala mbwa hakumgusa. Akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kumweleza shangazi yake habari za shule, mwalimu wa hesabu, na mama wa kambo anayejua kuendesha pikipiki. Maneno ya miaka miwili yakamwagika. Fundi alisikiliza, mguu uko kwenye mkanda, machozi yanamtiririka bila mkono wa kuyafuta, mmoja una mkanda, mwingine una ini.

Mdogo wake alisimama kitambo akiwaangalia. Kisha akashusha begi begani, akalipitisha kwa upande wa duka, akaliweka juu ya shuka la maua. Alipotoka alikuwa amevua viatu.

"Basi la jioni nitapanda peke yangu," akasema. "Lakini Dada, huo mkanda..."

"Hautoki mkononi mpaka afike kumi. Na akifika kumi, mpaka mtoto mwenyewe aseme."

"Na usiku?"

"Analala dukani, mlango umefungwa. Ufunguo nitampa mtoto."

Mdogo wake, muuguzi, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesoma cheti cha mgonjwa akaona homa imeshuka kidogo, haijaisha.

Wakala. Jua likawa kali, ua ukanyamaza, hata Msusi hakuwa na mteja. Mtoto alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili ya safari, akajilaza kwenye mkeka chumbani, miguu ameikunja mbali na mlango, akauliza, "Kesho tutadai saba?" na kabla hajajibiwa akasinzia. Baba yake aliapa kwamba atakaa macho amlinde. Akavuta kiti mlangoni, akakunja mikono, na haukupita muda kidevu kikaanguka kifuani, akaanza kukoroma kama zamani walipokuwa watoto wakigombania shuka moja. Kifungo, aliyetumia nguvu zake zote siku tatu, alijinyoosha kwenye sakafu ya duka, upande wa pili.

Fundi akakaa chini katikati, mgongo ukutani, mkanda umezungushwa kwenye kiganja, mkono mwingine karibu na mguu wa mtoto, pale kovu lilipo, bila kuugusa, asije akamwamsha. Alikuwa na suruali mbili za watu za kumaliza siku ile. Akajiambia atainuka sasa hivi. Akawasikiliza wanavyopumua, mmoja baada ya mwingine, kichwa kikamlalia begani, naye akalala.